Kitambaa cha Silinda ya Saba

Katika karakana ya treni ya kokoto, ng'ambo ya Mkonze, kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanamume aliyeitaka, nayo ilikuwa kazi ya vitambaa. Flaviana aliifanya kwa miaka kumi na minne.

Kampuni ilikuwa na vichwa vitatu vya treni vya dizeli, vikuukuu, vilivyonunuliwa vikiwa vimeshachoshwa na watu wengine. Vilivuta mabehewa ya kokoto kutoka machimboni hadi kwenye reli ya zamani, popote tuta lilipokuwa limeliwa na maji ya mvua. Treni za umeme zilipita mbali kidogo, kwenye njia yao mpya, kimya kama mtu anayepita asisalimu. Karakanani hapakuwa na kimya. Pale palinuka oili na masizi, na ukitoka hapo jioni hata ugali ulikuwa na ladha ya dizeli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kichwa cha treni kikilala baridi usiku kucha, hakiwashwi asubuhi vivi hivi. Injini yake ina silinda kumi na mbili, na kuzizunguka silinda hizo kuna maji ya kuzipoza. Pakitokea ufa mahali, hata mwembamba kama unywele, maji hupenya taratibu na kutuama ndani ya silinda, juu ya pistoni. Bashiri, fundi mkuu wa zamu, ndiye aliyemweleza Flaviana jambo hilo siku yake ya kwanza, na alimweleza kama anavyoelezwa mtu mwenye akili zake.

“Hewa inabanwa, shemeji. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikayakuta maji pale juu, kimoja lazima kiachie. Maji hayaachii. Basi kinachopinda ni chuma.”

Alimwita shemeji kwa sababu mkewe, Mwanne, alikuwa jirani ya Flaviana, na ndiye aliyemwombea ile kazi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, zilifunguliwa koki ndogo kumi na mbili zilizo ubavuni mwa injini, moja kwa kila silinda. Watu wawili wakashika mtaimbo na kuizungusha injini kwa nguvu za mikono. Kila pistoni ilipopanda, ilisukuma nje kupitia koki yake chochote kilichokuwa ndani. Flaviana alikinga kitambaa cheupe, kilichochanwa kwenye mashuka makuukuu, mbele ya kila koki, kisha akavipanga vitambaa vyote mezani, cha kwanza mpaka cha kumi na mbili. Masizi hayakuwa na neno. Oili kidogo haikuwa na neno. Lakini maji ya injini hutiwa dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo ina rangi ya waridi. Kitambaa kikitoka na waridi, treni haiwashwi, maana ufa upo na maji yanazidi kupenya. Ndivyo Bashiri alivyoweka, na ndivyo ilivyokuwa.

Flaviana hakujua kusoma hata jina lake. Alizaliwa Farkwa, kwa Wasandawe wenzake, na baba yake aliwapeleka shule wavulana wanne, yeye akaachiwa kinu. Mume aliyemleta Dodoma alimwacha na mtoto mmoja, Anyesi, akahamia Kongwa na mwanamke mwenye cheti. Karakanani walimwigiza lugha ya kwao kwa kugonga ndimi.

“Mama Anyesi, hebu tuitie punda kwa kikwenu,” walimwambia.

“Niwaite wa nini? Si hawa hapa wamevaa ovaroli.”

Walicheka, naye akacheka. Lakini ilipofika saa ya vitambaa hakuna aliyecheka. Wanaume wenye vyeti vya ufundi walisimama mikono nyuma, wakimsubiri mwanamke asiyejua kusoma awaambie kama injini ni nzima. Labda wako waliokereka. Yeye hakujali. Hapakuwa na mahali pengine duniani alipowahi kusubiriwa.

Pasaka ile Mwanne alimpa khanga mpya, nyekundu, ya zawadi. Mwanne ni Mwislamu, lakini kila Pasaka hakukosa kumpa Flaviana kitu, na kila Idi Flaviana alimpelekea mtungi wa asali ya Farkwa. Maji ya bomba Mkonze yalikuwa yakitoka mara mbili kwa wiki. Ili kubana maji, Flaviana aliiloweka khanga ile beseni moja na vitambaa vya kazini. Khanga ikachuja. Kitambaa kimoja kikapata waridi pembeni, kidogo tu, naye alikusanya nguo kambani giza likiingia, hakuona.

Asubuhi kitambaa hicho kikaangukia silinda ya nne.

Walifungua kichwa cha silinda. Siku hiyohiyo, kwa bahati mbaya, walikuwa wamekuja wakubwa wa kampuni kutazama kazi, wakaikuta treni imesimama na vyuma vimetandazwa sakafuni. Ndani palikuwa pakavu. Ebenezer, msimamizi wa karakana, alimfokea Bashiri mbele ya wageni kama anavyofokewa mtoto aliyepoteza mbuzi. Flaviana aliporudi nyumbani na kuitazama tena ile khanga, akaelewa. Hakulala. Alfajiri alikwenda kwa Bashiri akamwambia mwenyewe, hakusubiri kugunduliwa. Bashiri alicheka mpaka akakaa chini.

“Kumbe ni zawadi ya mke wangu iliyotusimamisha kazi!”

Ebenezer yeye hakucheka. Kuanzia siku hiyo Flaviana alifua vitambaa peke yake, kwa maji ya moto, akavianika ndani ya nyumba na kuvipiga pasi ya mkaa. Vilikuwa vyeupe kuliko vitambaa vya altareni. Hilo hakuna aliyeliona, kwa sababu usafi wa kitambaa hauna mtu wa kuuandika.

Ikaja Juni, na ule upepo wa Dodoma unaopita katikati ya mifupa. Kokoto zilikuwa zimecheleweshwa siku mbili. Mafundi wa reli walikuwa wamekaa juu ya tuta huko mbele bila kazi, na simu ya Ebenezer haikutoka sikioni. Suleiman, msaidizi wa Bashiri, na mwenzake walishika mtaimbo wakaanza kuzungusha. Bashiri alikuwa ameshapanda juu, yuko kwenye kijia chembamba kando ya injini, anakagua oili. Flaviana akakinga kitambaa cha kwanza, cha pili, akaenda hivyo.

Cha saba kilitoka kimelowa, na kina waridi.

Akakiweka chini. Akachukua kingine kutoka mfukoni, kisafi, akakifuta kwenye mdomo wa koki ileile. Nacho kikawa vilevile. Akamfuata Ebenezer.

“Bosi, namba saba ina maji.”

Ebenezer hakukipokea kitambaa. Aliondoa simu sikioni kidogo tu. “Leo khanga ya rangi gani, Mama Anyesi?”

Waliokuwa karibu wakacheka.

“Sikufua khanga. Nimekinga na cha pili, hiki hapa, kimetoka hivyohivyo.”

“Vyote umefua beseni moja, vitatokaje tofauti? Mara ile tulifungua injini kwa ajili ya nguo zako. Leo sifungui. Suleiman, funga koki.”

Suleiman alimtazama Flaviana, akamtazama Ebenezer, akafunga koki zote. Kisha akapanda ile ngazi ya vidato vitano kumpa Bashiri taarifa kwamba kazi ya chini imekwisha. Flaviana alibaki na vitambaa viwili mkononi. Alitaka kupanda. Sheria ya karakana ilikataza mtu wa usafi kukanyaga juu ya treni, na yeye kila alichokuwa nacho maishani alikuwa nacho kwa kutii sheria za wengine. Akasimama palepale.

Bashiri akapiga stata. Injini ikaguna, ikakwama, kama imeuma jiwe. Ikaguna tena. Ikashika. Moshi mweusi ukapanda, mngurumo ukajaa karakana nzima, na mabati ya paa yakatetemeka kama siku zote.

“Umeona?” Ebenezer alimwambia Flaviana.

Na kwa kitambo kidogo, cha mtu kunywa kikombe cha maji, Flaviana aliona kweli kwamba yeye ni mjinga.

Halafu ukaanza mlio wa kugonga ndani ya injini: ngo, ngo, ngo. Ile konrodi ya silinda ya saba, chuma kinachoshika pistoni, kirefu kama mguu wa mtu, ilikuwa imepinda wakati wa kuwasha, na sasa kwa kasi ile ikakatika. Kipande chake kikapasua ubavu wa injini na kutokea nje. Mvuke wa oili uliokuwa ndani ukashika moto, ukalipuka, vifuniko vya chuma vikaruka kama sahani. Bashiri alikuwa kwenye kile kijia, hatua mbili kutoka hapo, na kijia kile hakina pa kukimbilia. Suleiman alikuwa ameshashuka. Walimtoa Bashiri kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Hakufika hospitali.

Msibani Flaviana alikwenda kama jirani. Akakaa na wanawake wenzake nyuma ya nyumba, akavuta sufuria aanze kuosha mchele. Dada wa Bashiri aliyetoka Kondoa akamwondolea ile sufuria mikononi, taratibu, akampa mwanamke mwingine. Flaviana akainuka. Wanawake wote walitazama mchele.

Baadaye ukafanywa uchunguzi. Watu watatu walikaa nyuma ya meza, na karani aitwaye Naima akawa anaandika. Flaviana alieleza yote, tangu khanga ya Pasaka hadi kitambaa cha saba, na maneno aliyoyasema kwa Ebenezer, na maneno aliyojibiwa. Naima akamgeuzia karatasi.

“Ni haya uliyosema, mama. Weka dole hapa.”

Akaweka. Wiki mbili baadaye taarifa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mlinzi wa getini akamsomea. Ilisema kwamba mhudumu wa usafi alikuwa amewahi kufua vitambaa vya ukaguzi pamoja na nguo za rangi, hivyo alama ya maji haikuweza tena kuaminika. Ilisema pia kwamba mhudumu hakumwarifu fundi aliyekuwa juu ya treni. Basi.

“Rudia,” alimwambia mlinzi.

Akarudia. Flaviana alitafuta neno la uongo alikamate, asilione. Ndipo alipojua kusoma kunafaa nini. Ukijua kuandika, unaweza kumzika mtu kwa maneno ya kweli tupu, na Ebenezer ukamwacha nje ya karatasi. Siku hiyohiyo wakamwambia asirudi.

Kazi ilimuuma, lakini si sana. Kazi zingine zipo. Kilichomla ni Mwanne. Mwanne alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na alipotoka alimpita Flaviana bombani kama anayepita mti. Jioni moja Flaviana alikwenda kugonga mlango.

“Mama Ikram, mimi nilisema. Haki ya Mungu nilisema ina maji.”

Mwanne alishika mlango kwa mkono mmoja. Alikuwa amekonda. “Alikusikia nani?”

“Ebenezer.”

“Ebenezer anasema hukusema kitu. Nimemuuliza. Mwingine nani?”

“Suleiman.”

“Suleiman hayupo, ameacha kazi. Mlete, aseme hapa nilipo. Ukija tena bila mtu, usigonge.”

Mlango ukafungwa. Tangu siku hiyo Flaviana alikuwa na haja moja tu duniani, kumpata Suleiman.

Alimpata Agosti ya mwaka uliofuata, bila kumtafuta. Alikuwa amekwenda Makutupora kwa vibarua vya mavuno, kukata zabibu na kuzipanga kwenye kreti. Pampu ya shamba ikaharibika, na fundi aliyeletwa, aliyekuwa amepiga magoti kwenye tope na spana mkononi, akawa ni yeye. Alipomwona Flaviana spana ilimponyoka.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Ulinisikia siku ile?”

Suleiman hakuuliza siku gani. “Nilikusikia.”

“Mbona hukusema?”

“Waliniita peke yangu. Ebenezer alikuwa ndani. Wakaniuliza koki ulizifunga wewe? Nikasema ndiyo. Wakasema, basi chagua vizuri maneno yako.” Alifuta mikono kwenye suruali. “Nilikaa mwezi mmoja pale nikashindwa. Kila nikishika mtaimbo nauweka chini.”

“Sitaki habari za mtaimbo. Twende kwa Mwanne ukamwambie ulilosikia. Hilo tu.”

Suleiman aliokota spana. Kisha akasema, “Dada, kuna jingine. Nilipopanda juu nilimwambia Bashiri.”

“Ulimwambia nini?”

“Kwamba Mama Anyesi amesema namba saba ina maji, bosi amekataa. Akacheka. Akasema, ‘Shemeji na khanga zake.’ Nikamwambia, lakini fundi, tusitazame? Akasema tukifungua tena leo tukakuta pakavu, Ebenezer ananifukuza. Iwashwe, ikigoma ndiyo tutafungua. Halafu akaniambia nishuke.”

Flaviana akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa. Miezi ile yote alikuwa amembeba Bashiri moyoni kama mtu aliyefichwa jambo. Kumbe aliambiwa. Mtu aliyemfundisha kwamba maji hayabanwi aliambiwa yapo, akacheka. Mara ya kwanza tangu kifo kile alimkasirikia marehemu, hasira ya kumtaka afufuke amtukane. Halafu hasira ikakosa pa kwenda, ikamrudia yeye mwenyewe, maana kile kicheko ni yeye aliyekifua beseni moja na khanga.

“Hilo la Bashiri nalo niseme?” Suleiman aliuliza.

“Sema ukweli. Nimechoka na watu wanaochagua maneno.”

Walikwenda Ijumaa, baada ya swala. Ikram, binti wa Mwanne, aliwaamkia, akawawekea viti uani, akaingia ndani. Mwanne alikaa mkekani mbele yao. Suleiman alieleza akitazama chini: vitambaa viwili, maneno ya Flaviana, maneno ya Ebenezer, jinsi alivyofunga koki. Alipomaliza, Mwanne alimgeukia Flaviana, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimtazama usoni.

“Kumbe ulisema.”

“Nilisema, Mama Ikram.”

Mwanne alitikisa kichwa, machozi yakamtoka bila sauti. “Mimi kinachonilaza usiku ni kimoja. Najiambia, mume wangu angejua asingeiwasha. Watu wanasema mafundi wanazoea hatari, wanadharau. Bashiri hakuwa hivyo. Kila asubuhi alikuwa akiniambia, mimi nina watoto, sichezi na chuma. Angejua asingeniacha hivi kwa makusudi.” Akamgeukia Suleiman. “Wewe ulipanda kwake. Ulimwambia?”

Suleiman akafungua mdomo, akamtazama Flaviana.

Flaviana alikuwa na jibu pale pale ulimini. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa la kumtoa kwenye lawama yote. Alimwona Mwanne anavyosubiri, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa mkeka.

“Hakumwambia,” Flaviana akasema. “Kulikuwa na kelele. Alipanda kusema koki zimefungwa, basi. Bashiri hakujua.”

Suleiman akainamisha kichwa. Mwanne akavuta pumzi ndefu na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kuku walipita uani. Ndipo Flaviana alipoona uso wa mwenzake unaanza kukaza tena, polepole, kama mtu anayepiga hesabu.

“Basi wewe ulijua,” Mwanne alisema. “Umeshika maji mkononi. Na yeye yuko juu pale, vidato vitano. Ulimwambia Ebenezer, Ebenezer akakucheka, ukanyamaza. Hukupanda?”

“Tulikatazwa kupanda.”

“Ulikatazwa.” Mwanne alilisema neno hilo kwa sauti ndogo. “Angekuwa mumeo ungepanda.”

Jibu pekee la kumtetea, kwamba Bashiri aliambiwa, Flaviana alikuwa ameshalifunga mwenyewe. Alisimama, akaaga. Mwanne aliitikia, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mtu wa kijiji kingine.

Njiani Suleiman alimfuata nyuma nusu hatua. “Dada, kwa nini? Ulisema niseme ukweli.”

“Wewe ulinyamaza siku iliyotakiwa useme. Usinifundishe leo.”

“Narudi nikamwambie.”

“Ukirudi mimi na wewe basi. Kapande gari, uende zako.”

Akaenda zake. Flaviana aliendelea hadi nyumbani, akawasha jiko, akabandika ugali. Jumatatu alfajiri alikuwa Makutupora na kisu chake, kwenye mstari wa zabibu, kabla jua halijapanda. Wanawake wenzake walimuuliza kama yeye na yule jirani yake wa Mkonze wamepatana. Akasema bado, akainama kukata.